Mama Matundu na Mlango wa Makamu

Jina la Mama Matundu lilimpata kazini, naye hakulikataa. Katika jengo la ushirika wa mafundi cherehani, lenye safu nne za mashine chini ya paa la bati, kila mtu alishona nguo nzima isipokuwa yeye. Yeye alitoboa matundu ya vifungo. Aliyatoboa kwa mkono, mkato mmoja wa kisu, kisha akayazungushia uzi mpaka yakawa na mdomo mgumu usiochanika hata koti lirithiwe na mjukuu. Fundi akimaliza kushona alimletea nguo ikiwa bubu, yeye akaipa midomo sita au saba, akairudisha. Wageni waliosikia jina lake walidhani ni tusi la umaskini. Wenyeji walijua kwamba ni cheo.

Kazi ya namna hiyo hula macho kama mchwa anavyokula mbao: polepole, kutoka ndani. Ndiyo maana mahali pa kukaa kwake palikuwa na thamani kuliko mashine yoyote. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha kubwa la mashariki, ambapo mwanga uliingia tangu asubuhi na kukawia. Kugawa nafasi mle ndani kulikuwa kazi ya mwenyekiti wa ushirika. Dirisha lile alipewa na mwenyekiti aliyekuwepo miaka saba iliyopita, wiki chache baada ya kufiwa na mumewe, fundi wa suruali. Wapo waliotaka kumtoa kabisa siku zile, kwa hoja kwamba uanachama ulikuwa wa marehemu na marehemu ameondoka nao. Mwenyekiti alisimama akawaambia kwamba anayemtaka mjane atoke atangulie yeye kutoka, wakutane nje. Hakuna aliyetangulia. Siku hiyohiyo aliibeba meza ya mjane kichwani, kutoka safu ya nne penye giza, akaitua dirishani.

Mwenyekiti huyo alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, kwa hiyo ni shemeji yake. Watu walimwita Mzee Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikuwahi kutoka shingoni, hata msibani. Alikuwa mkataji nguo hodari kuliko wote na kiongozi ambaye hata adui zake walimsifu, ingawa kwa sauti ya chini. Alileta maji ndani ya jengo. Aliziba paa. Aliongoza vipindi viwili vya miaka minne minne, na mwaka huu kanuni ilimtaka apumzike.

Kwa ajili ya uchaguzi huo mkutano mkuu ulichagua kamati ya watu watatu: fundi wa sare za shule, fundi wa mapazia, na Mama Matundu kama msimamizi wao. Hakuomba kazi hiyo. Walimpa kwa sababu hajawahi kuchelewesha nguo ya mtu wala kubeba neno la mtu kulipeleka meza nyingine.

Sasa, wiki moja kabla ya fomu kufungwa, redio ya fundi wa mapazia ilianza kuzungumzia habari za nchi fulani ambako rais aliyemaliza vipindi vyake viwili alitaka kurudi madarakani kama makamu wa rais. Wanasheria walibishana hewani, na mafundi wakabishana chini. Fundi wa sare, mtu wa kupenda maandishi kama panya anavyopenda karatasi, alisema jambo ni jepesi: katiba imemkataza kuchaguliwa rais, haikumkataza kuchaguliwa makamu, na kisichokatazwa kimeruhusiwa. Fundi wa magauni, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika safu zote nne, alimuuliza rais akifa kesho nani anakaa kitini.

"Makamu," akajibu fundi wa sare.

"Sasa mlango wa mbele mlimfungia wa nini, kama dirisha la nyuma mmemwachia na ngazi?"

Jengo zima likacheka. Mzee Futi hakucheka. Alikuwa anakata koti, na mkasi wake ulisimama kidogo katikati ya kitambaa, kisha ukaendelea. Siku tatu baadaye alileta fomu kwa kamati. Hakuomba uenyekiti. Aliomba kuwa makamu mwenyekiti.

Yasingekuwa makubwa kama si fomu nyingine iliyoingia saa moja kabla. Aliyeomba uenyekiti, peke yake bila mpinzani, alikuwa mpiga pasi. Huyu alikuwa mzee mwema asiye na kelele, ambaye hata akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Kila mtu alijua kwamba mwisho wa mwaka angehamia kwa mwanawe, mbali, na alikwisha kuwaaga wateja. Mwenyekiti wa miezi mitatu, na nyuma yake makamu aliyekwisha kuongoza miaka minane. Mwenye macho haambiwi tazama.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha kukatia, mlango ukafungwa. Fundi wa sare alifungua daftari la kanuni akasoma kwa sauti: mtu aliyekuwa mwenyekiti kwa vipindi viwili hatachaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Akageuza ukurasa mbele, akageuza nyuma, akauliza umakamu umetajwa wapi. Haukutajwa. Basi jina lipite, akasema, na wanachama waamue wenyewe kwa kura. Kamati si mama mkwe wa kuwachagulia watu. Fundi wa mapazia alipendekeza njia ya kati: awe makamu, lakini kiti kikibaki wazi asikikalie, kiende kwa katibu. Mama Matundu alimuuliza makamu asiyeweza kukaimu ni wa kazi gani. Fundi wa mapazia akafikiri, akakiri kwamba huyo ni gurudumu la akiba lisilo na upepo. Akahamia upande wa kukataa. Ikawa sauti moja ya kupitisha na moja ya kukataa, na wote wawili wakamgeukia msimamizi.

Aliomba siku mbili.

Kilichomtesa hakuwaambia. Kanuni ile ilikuwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Iliandikwa zaidi ya miaka minane nyuma, baada ya mwenyekiti wa kwanza kuketi miaka kumi na tisa na kuondoka kwa kubebwa, huku mkono wake bado umeshika ufunguo wa ofisi. Mumewe alikuwa hai wakati huo, lakini aliyeombwa aandike ni Mama Matundu, kwa kuwa herufi zake zilikuwa safi. Aliyesimama juu ya meza akadai vipindi viwili visizidi alikuwa Mzee Futi. Mama Matundu alikumbuka pia kwamba mtu mmoja aliuliza, "Na makamu je?" Na Mzee Futi akajibu kutoka mezani palepale kwamba bitana haichorwi.

Watu walicheka, maana walikuwa mafundi. Koti likichorwa kwenye karatasi ya kukatia huchorwa kitambaa cha juu tu. Bitana, kile kitambaa cha ndani, hukatwa kwa karatasi ileile. Hakuna fundi anayepoteza chaki kuichora peke yake. Mkutano mzima ulielewa kwamba atakayezuiwa uenyekiti amezuiwa umakamu pia, jambo lenyewe likaonekana halihitaji wino. Wanasheria wasingefanya kosa hilo. Lilikuwa kosa la washonaji, la watu waliozoea kuelewana kwa jicho. Naye, aliyekuwa na kalamu mkononi, alicheka na wenzake na hakuandika neno.

Je, kicheko ni sheria? Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo. Kilichoandikwa kila mtu anaweza kukisoma, hata aliyejiunga jana. Kilichosemwa kinaishi kwenye vichwa vya wachache, na vichwa husahau, au husahaulishwa.

Asubuhi Mzee Futi alikuja mezani kwake. Alivuta kigoda akaketi, akamuuliza hali ya macho. Alimwambia kwamba jengo la jirani linataka kununuliwa na tajiri mmoja, na ushirika ukipata kiongozi legelege utamezwa kama kitonge. Hakuwa anadanganya; habari za tajiri zilijulikana. Alisema hataki ukubwa, anataka miaka miwili mitatu tu ya kufunga pindo. Mama Matundu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama anakumbuka siku ya kuandika kanuni na lile neno alilolisema juu ya meza.

"Nilisema mengi siku ile," Mzee Futi alijibu.

"La bitana, shemeji."

Mzee Futi alikisukuma kigoda. Akainuka, akaliangalia dirisha kwa muda, kana kwamba anapima upana wake.

"Mimi sikukuuliza maswali siku ile nilipobeba meza hii," akasema. "Fadhila za punda unazijua. Sitamalizia methali, wewe ni mke wa ndugu yangu."

Akaondoka. Mama Matundu alibaki na sindano hewani. Hakuhitaji kuelezwa kilichobaki. Akilipitisha jina, dirisha ni lake. Akilikata, na wanachama wakapata njia nyingine ya kumrudisha shemeji, basi safu ya nne inamngoja na giza lake. Kule macho yake yasingemaliza miaka miwili, na kazi nyingine hakuijua.

Jioni, wakati binti yake anakuna nazi, alimweleza. Binti alikuwa karani wa zahanati na alimpenda sana baba yake mkubwa, aliyemlipia masomo mpaka mwisho. Alisema kama maandishi yanaruhusu, kwa nini mama ajitwike mzigo wa watu wote? Aache wapige kura. Wakimchagua, ni wao.

"Na mimi niliyesikia?"

"Mama, uliyesikia si wewe peke yako."

Binti alilisema hilo kumtua mzigo, lakini mama yake aliliokota kwa upande mwingine. Kesho yake aliondoka mapema akaenda moja kwa moja kwa mpiga pasi. Pasi zilikuwa zinapashwa moto, na mzee alikuwa ananyunyizia maji suruali. Siku ya kanuni alikuwepo, safu ya mbele. Mama Matundu alimuuliza anakumbuka nini. Mpiga pasi alisema yeye ana kichwa cha kuvuja. Alipiga pasi mguu mmoja wa suruali, akaugeuza, akapiga wa pili, akarudi tena kwenye ule wa kwanza uliokwisha kunyooka. Ndipo Mama Matundu akamuuliza jambo lingine kabisa: je, anataka kuwa mwenyekiti?

"Sitaki hata kidogo," mzee akasema, na ilikuwa kama mtu aliyevua kiatu kinachombana. "Aliniomba. Nikaona haya kumkatalia. Aliniambia ni miezi mitatu, na kazi yangu ni kukaa tu." Akaweka pasi pembeni. "Na neno la bitana nalikumbuka. Nilicheka mpaka nikapaliwa na mate."

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi mchana, mashine zikiwa zimefunikwa. Walikuja wanachama tisini na sita. Mama Matundu hakuwa msemaji, na alipoanza sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Alisema kamati imegawanyika na yeye ndiye aliyeamua, kwa hiyo lawama zisitawanywe, ziletwe kwake. Jina la shemeji yake halitapita. Akaeleza habari ya kanuni, ya kicheko, ya wino ambao hakuutumia. Kosa la kutoandika ni lake, akasema, na analiungama. Lakini kazi ya makamu ni moja tu iliyo kubwa: kuwa mwenyekiti siku mwenyekiti asipokuwepo. Mtu asiyeruhusiwa kuwa kitu hawezi kuwekwa foleni ya kukingojea.

Fundi wa sare alisimama akauliza tangu lini kumbukumbu ya mtu mmoja ikafuta daftari. Mpiga pasi akainua mkono, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alisema si ya mtu mmoja. Wazee wengine wanne wakaitikia kutoka viti vya nyuma.

Kisha akasimama Mzee Futi, na jengo likatulia. Hakukana. Alikuwa na akili nyingi mno kukana. Alisema ni kweli bitana hukatwa kwa karatasi ya koti, lakini fundi yeyote anajua kwamba haikatwi sawasawa. Hukatwa fupi kwa pindo, hulegezwa mgongoni, wala haina mifuko ya nje. Bitana si koti. Makamu si mwenyekiti. Wenye sikio la kazi walitikisa vichwa kukubali, maana ni kweli, na lilisemwa vizuri.

Mama Matundu alimgeukia shemeji yake. Aliiona futi shingoni, akaiona mikono iliyobeba meza yake. Alimpenda mtu yule. Angesimamia jengo vizuri kuliko yeyote aliyemo ndani, na hilo ndilo lilikuwa gumu: kumzuia mwizi ni kazi ya mbwa tu, lakini kumzuia mtu mwema kunahitaji sababu. Sababu aliijua tangu siku ile walipomtoa yule mwenyekiti wa kwanza na ufunguo mkononi. Naye pia alianza akiwa mwema. Hakuna aliyemchagua mbaya. Walimchagua mwema mara nyingi mno.

"Shemeji," akasema, "bitana hukatwa fupi ili isionekane nje. Wewe ukiwa ndani, nani hatakuona?"

Kicheko kilitoka, kikakatika. Haraka, kabla hajaishiwa ujasiri, aliongeza kwamba kanuni si jiwe. Mkutano unaweza kuibadilisha, kwa theluthi mbili. Kama wanamtaka arudi, wainue mikono waseme wazi kwamba ukomo wa vipindi viwili umefutwa, na yeye msimamizi ataandika, safari hii kwa herufi kubwa. Ila wamrudishe kwa mlango wa mbele, mchana, kila mtu akiona.

Mikono ilihesabiwa mara mbili. Sitini na moja walitaka kanuni ifutwe. Walihitajika sitini na nne.

Alisimama na hesabu ile mkononi na hakujisikia mshindi. Wengi walimtaka. Watu sitini na moja, wengi wao rafiki zake, wangetoka pale wakiamini kwamba mwanamke mmoja wa matundu amewanyang'anya kiongozi. Mpiga pasi, ambaye alikaa mikono magotini wakati wa kuhesabu, aliomba karatasi akaandika kwamba anajiondoa. Uteuzi ukafunguliwa upya, na kabla ya alasiri fundi wa magauni alikuwa mwenyekiti kwa kura zilizopita kidogo nusu. Makamu akawa fundi wa viraka ambaye jina lake hakuna aliyelifikiria asubuhi.

Wiki iliyofuata mafundi kumi na mmoja waliacha kumletea nguo. Walitoboa matundu yao wenyewe, vibaya, kwa hasira. Shemeji yake hakumsemesha, na binti yake alikwenda kumsalimia baba mkubwa peke yake, akarudi bila habari. Mama Matundu alishona kidogo na kungoja sana. Dirishani hakuondolewa, maana mwenyekiti mpya alikuwa na mambo mengi ya kujifunza kuliko kuhamisha meza, na siku ya tatu tu yule tajiri wa jirani alikuja na wapimaji wake. Mwenyekiti alitoka nje kuwakabili, akarudi hajui amejibu nini. Mzee Futi aliona yote kutoka mezani kwake. Ingekuwa yeye, wangeondoka mbio. Kila mtu alijua, na Mama Matundu alijua zaidi ya wote.

Siku ya tisa mteja aliingia mlangoni akaita, "Mwenyekiti!" Mzee Futi akainua kichwa. Aliinua kwa mazoea ya miaka minane, mdomo umeshaanza kuitikia. Kisha akaona fundi wa magauni anainuka upande wa pili, akakirudisha kichwa chake kwenye kitambaa. Watu wachache walioona walitazama pembeni kwa heshima.

Mama Matundu aliweka sindano chini. Alivuka safu mbili, akasimama mbele ya meza ya shemeji yake, akamwamkia. Mzee Futi aliitikia bila kumwangalia. Alikuwa anashona mkono wa koti, na aliendelea mpaka mwisho wa mshono.

"Ungeweza kusahau," akasema hatimaye.

"Ningeweza, shemeji."

Alikata uzi kwa meno. Alilikunjua koti, akalitazama mbele na nyuma, akaliweka mezani kati yao, upande wa vifungo juu.

"Nililisema," akasema. "Neno lile. Nililisema kwa moyo wangu wote."

Hakusukuma koti kuelekea kwake wala hakulivuta. Mama Matundu alisimama akingoja, mikono mitupu. Mzee alichukua chaki, akaanza kupima kitambaa kingine. Baadaye kidogo akamwambia amlete yule mwenyekiti wao, aje asikilize namna ya kumjibu tajiri, maana alivyojibu juzi ni aibu.

Mama Matundu akaenda kumwita.